Cherehani Iliyofunikwa Saa Nne ya Asubuhi

Katika mtaa wetu wa Kavimvira, mjini Uvira, fundi akifiwa hufunika chombo chake. Seremala hutupa gunia juu ya meza yake ya kazi, kinyozi hugeuza kioo kitazame ukuta, na mshonaji hutandika kitambaa juu ya cherehani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala hakuna asiyeijua. Pétronille, mjane wa miaka hamsini na minne ambaye watu humwita Mama Fanny kwa jina la binti yake, alikuwa ameifunika cherehani yake mara mbili tu tangu aanze kushona: siku aliyokufa mumewe na siku aliyokufa kaka yake. Siku nyingine zote, hata Jumapili baada ya misa, gurudumu lilizunguka.

Alizaliwa Kiringye, huko bondeni, kwa wakulima wa mpunga. Aliolewa Uvira, na yeye na mumewe walijenga nyumba upande wa chini, karibu na ziwa. Ziwa lilipopanda halikuja kwa kishindo. Lilikuja kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, kwanza kwenye migomba, kisha jikoni, kisha chini ya kitanda, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama paka anayelamba sahani. Pétronille, wakati huo tayari mjane, alilala na sauti hiyo miezi miwili, mpaka asubuhi alipojitwisha kichwa cha cherehani na kutoka, maji yakiwa magotini. Tangu siku hiyo amepanga nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara ya kwenda mpakani. Tangu siku hiyo pia hajapata usingizi wa kutosha.

Huamka kabla ya jogoo. Huchota maji, huwasha makaa, humwandaa mjukuu wake Shalom, mtoto wa miaka mitatu, kwa kuwa Fanny huvuka mpaka mapema kwenda kuuza mafuta ya mawese upande wa Burundi na hurudi jioni. Kisha hukaa kwenye cherehani barazani: sare za wanafunzi, nguo za wanakwaya, suruali za kupunguzwa, zipu zilizoharibika. Kila anayepita humsalimu, na kila anayemsalimu ana jambo la kumwagiza. Watu humsifu kuwa ni mwanamke hodari. Sifa hiyo nimeisikia mara nyingi, nami nimeona kwamba huwatoka kwa urahisi zaidi wale wasio na nia ya kumpokea mtu mzigo.

Mwaka huu macho yake yalimwasi. La kushoto lilifunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia likaanza kuona ukungu. Alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Siku moja alishona mkono wa sare upande wa ndani ukatazama nje, na mwanafunzi akaivaa hivyo hadi shuleni, akachekwa. Pétronille aliifumua na kuishona upya. Mshonaji asiyeona hana kazi nyingine ya kufanya katika mji huu.

Kisha habari ikaja kwamba madaktari wa macho wangefika kutoka Bukavu na kupasua kwa siku tano. Huja mara moja kwa mwaka. Jumatatu alipanga foleni, jina lake likaandikwa, na muuguzi aitwaye Norbert, kijana mpole mwenye miwani, akamfunga mkono kupima shinikizo la damu, ambalo sisi huliita tension. Alipima mara mbili.

"Mama, iko kumi na tisa juu ya kumi na moja. Hakuna daktari atagusa jicho na tension kama hii."

"Munipe dawa."

"Dawa nitakupa. Lakini mu siku ine, dawa peke yake haitafika. Weye unalalaka?"

"Nalalaka kama mutu mwenye anangojea mwizi."

Norbert alitabasamu, lakini Pétronille hakutabasamu. Muuguzi aliomba simu yake na kumtumia kitu kutoka kwenye simu yake mwenyewe.

"Ni nini? Wimbo?"

"Hapana, Mama. Ni sauti ya mama mumoja. Anakuongoza. Unalala chini, unafunga macho, anakuambia namna ya kupumua na kulegeza mwili, kutoka ku miguu mpaka ku kichwa."

"Ni maombi?"

"Hapana."

"Basi ni mambo ya uchawi."

"Mama, ni kupumua tu."

"Kupumua minye nilianza mbele wewe uzaliwe."

"Najua, Mama. Lakini angalia mabega yako. Tangu uingie, yamepanda karibu na masikio."

Pétronille aliyatazama mabega yake kama vitu vya mtu mwingine. Yalikuwa yamepanda kweli.

Norbert hakumdanganya, na kwa hilo namheshimu. Alimwambia kwamba sauti ile si dawa, kwamba inawafaa watu fulani na wengine haiwafai kitu, na kwamba asiache vidonge kwa ajili yake. Asikilize mara mbili kwa siku, dakika ishirini kila mara, bila kufanya kazi nyingine. Arudi Ijumaa. Namba ya juu ikiwa chini ya kumi na sita, ataingia kwa daktari. Ikizidi, wataonana mwaka ujao.

Mwaka ujao! Pétronille alirudi nyumbani kwa miguu akiwaza neno hilo. Hadi mwaka ujao jicho la kulia lingekuwa limekwisha.

Alasiri hiyohiyo alijilaza kitandani, akaweka visikilizio vya simu masikioni. Sauti ilikuwa nzuri, ya mwanamke asiyekuwa na haraka, Kiswahili chake safi kama cha redioni. "Funga macho yako. Huna pa kwenda. Legeza vidole vya miguu." Pétronille alilegeza. "Legeza magoti." Akalegeza. "Sasa uko kando ya ziwa. Yasikilize maji. Yanakuja, yanakwenda." Na chini ya maneno yale maji yakasikika, madogo madogo, yakilamba mchanga.

Pétronille aliketi ghafla. Alishuka kitandani akainama na kupapasa sakafu chini yake. Ilikuwa kavu. Alijua kwamba ingekuwa kavu, lakini mkono ulipapasa hata hivyo.

Jambo hilo alimsimulia jirani yake Sharifa, aitwaye pia Mama Karim, mwanamke mfanyabiashara wa vitenge ambaye babu zake walifika na biashara ya ziwani na hawakuondoka tena. Sharifa ana ulimi mkali na moyo mwepesi.

"Yaani ziwa lilikufukuza mu nyumba, sasa wamekuletea ziwa mu masikio?" Alicheka mpaka akapangusa macho. "Huyo mama wa sauti hajafika Kavimvira, wallahi!"

"Usinicheke, Mama Karim. Ijumaa ni karibu."

Sharifa aliacha kucheka. "Mbele lile ziwa lije, ulikuwa unasikia nafuu?"

"Kidogo. Miguu ililegea. Sijasikia miguu yangu imelegea siku nyingi."

"Basi punguza sauti mpaka maji yasisikike, mama abaki. Na kesho asubuhi huyu Shalom nitakwenda naye sokoni. Weye ulale."

Hivyo Jumanne, saa nne ya asubuhi, Sharifa aliondoka na mtoto. Pétronille alitandika mkeka sebuleni, ambako palikuwa na hewa. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kutoka mkekani aliona gurudumu la cherehani likimeremeta juani na sare zilizokatwa zikimngoja. Kila alipofunga macho, gurudumu lilimwita. Mwishowe aliamka, akachukua kitambaa cheupe cha mezani, akaifunika. Akaurudisha mlango nusu, akajilaza, akajifunika kitenge hadi kidevuni.

Hakufikiria kitu kingine. Alikuwa amechoka mno kufikiria.

Blandine, kiongozi wa kwaya, alipita dakika chache baadaye kuulizia nguo za wanakwaya. Aliona kitambaa cheupe. Alichungulia ndani na kumwona Pétronille amelala sakafuni, macho yamefumbwa, hatikisiki. Blandine hakuuliza. Mtu mwenye adabu hamuulizi mfiwa. Alivua viatu, akaketi ukutani, akatuma neno kwa wenzake.

Ndani ya saa moja walikuwa wanawake kumi na wanne. Nakiri kwamba walifanya vizuri kila walichofanya. Waliingia kimya. Mmoja alifagia ua, mwingine aliosha vyombo vya tangu jana, wawili wakaenda kuchota maji. Waliokuja na unga na kuni waliviweka nyuma ya mlango, na chungu kikawekwa motoni. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyeomba apunguziwe suruali. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie nyumba ile, kazi zote za Pétronille zilikuwa mikononi mwa watu wengine, na yeye, sauti ikijirudia na kumnong'oneza alegeze taya, alikuwa amelala usingizi mzito, kinywa wazi kama mtoto.

Saa sita walianza wimbo, polepole, ule wa kuwafariji waliofiwa.

Pétronille alifumbua macho, akaona miguu mingi. Alivuta visikilizio masikioni, wimbo ukaongezeka.

"Ni nani amekufa?" aliuliza kwa hofu.

Wimbo ulikatika. Blandine alimshika mkono. "Mama Fanny, jikaze. Tuko pamoja na weye."

"Nauliza, ni nani amekufa? Ni Fanny?"

"Si weye ndiye unajua?"

"Minye najua nini? Minye nilikuwa nalala!"

Walikuwa bado wanatazamana pale kilio kiliposikika barabarani. Fanny aliingia mbio, kitambaa cha kichwa kimemtoka, Sharifa nyuma yake amembeba Shalom na kuhema. Mtu alikuwa amemwambia mpakani kwamba kwao kuna kilio na cherehani ya mama yake imefunikwa, naye aliyatupa madumu ya mafuta hapohapo. Alipomwona mama yake ameketi mkekani, mzima, alianguka magotini mbele yake, akalia kwa sauti kubwa kuliko ambavyo angelia kama angemkuta maiti.

Ilibidi Pétronille aeleze. Angeweza kusema uongo kidogo, kwamba alipata homa, na wanawake wale wangekaa mpaka jioni kwa furaha. Hakusema uongo. Alieleza habari ya jicho, ya kumi na tisa juu ya kumi na moja, ya sauti kwenye simu.

"Kwa hiyo hakuna mutu amekufa," alisema Blandine.

"Hakuna."

"Na ulifunika mashine."

"Nilifunika nisiione. Nilichoka."

"Ulichoka!" Blandine alisimama. "Mama Fanny, ni nani mu hii Kavimvira hajachoka? Minye sijachoka? Huyu hajachoka? Sasa kila mwenye anachoka afunike, tulie?"

Wanawake walivaa viatu. Wengine walimwambia pole kwa jicho, wengine walipita bila kumtazama. Na waliokuja na unga waliuchukua, wakarudi nao.

Nimelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi, na sioni namna ya kulilainisha. Sisi ni hodari wa kumpumzisha mfiwa. Tunajua nani achote maji, nani apike, nani akae karibu naye bila kusema neno. Yote hayo tunayajua, na tunayatunza mpaka mtu afe. Aliye hai akisema amechoka, tunamwona anatuibia.

Sharifa ndiye aliyebaki. Aliketi kando ya chungu kilichoachwa motoni, akakifunua.

"Angalau maharage yao wameyasahau," alisema. "Ulilala kweli?"

"Nililala. Karibu saa mbili nzima."

"Basi kilio kilikufaa. Kesho tena, lakini bila maiti."

Jumatano Sharifa alihamisha meza yake ya vitenge kutoka sokoni, akaiweka kwenye baraza ya Pétronille, mlangoni kabisa. Cherehani ilifunikwa saa nne, simu ikawekwa mkekani bila visikilizio, na mtu yeyote aliyetaka kuingia ilibidi apite kwake. Blandine alikuwa wa kwanza.

"Mama Fanny iko?"

"Iko."

"Nimuone."

"Haonekani. Iko mu kazi."

"Kazi gani, na mashine imefunikwa?"

"Kazi ya kulala. Docta ndiye amemupa. Unaona hii kitenge ya maua? Ingefaa kwaya."

"Mama Karim, usinifanyie mchezo. Nguo zetu ni za Jumapili hii."

"Na jicho ni ya Ijumaa. Ijumaa inatangulia Jumapili, hata kwenu wakristo."

Blandine aliondoka amenuna, na ndani Pétronille, aliyekuwa amesikia kila neno licha ya sauti ya simu, alicheka peke yake chini ya kitenge. Sauti ikamwambia alegeze tumbo, nalo lilikuwa limekwisha kulegea kwa kicheko.

Haikuwa hivyo kila mara. Alhamisi mchana alilala dakika ishirini nzima akihesabu sare, na aliinuka amechoka kuliko alivyolala. Jioni hiyo alijaribu tena, akafika kwenye magoti tu. Alimwambia Sharifa kwamba sauti ni kama mtu anayekufungulia mlango: mlango uko wazi, lakini ni weye utembee, na kuna siku miguu inakataa.

Ijumaa walitoka pamoja alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na simu ilikuwa imebaki na chaji ndogo. Hospitalini foleni ilizunguka jengo. Walikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Mtu mmoja alizimia. Mwingine alirudishwa, akatoka akilia, mkono wa binti yake begani. Jina la Pétronille lilipoitwa, mabega yalikuwa yamepanda tena, na alilijua hilo kabla ya kufungwa mkono.

Norbert alipima. "Kumi na saba juu ya kumi."

"Basi," alisema Pétronille.

"Bado. Daktari anaanza mupasuo wa mwisho saa sita. Keti pale nyuma, Mama, penye kivuli. Sikiliza ile sauti. Nitapima tena."

Aliketi. Alibonyeza simu. Iliwaka, ikaonyesha alama nyekundu, ikazimika. Akaibonyeza tena, haikuwaka. Aliishika mkononi akiitazama kwa jicho lake moja lenye ukungu, na machozi yakaanza.

"Lete mikono," Sharifa alisema.

"Imekufa, Mama Karim."

"Simu imekufa, minye sijakufa. Siku mbili nimekaa mu mlango, unafikiri masikio yangu yalikuwa ku soko? Funga macho."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Funga macho yako. Huna pa kwenda." Sharifa alijaribu kuiga Kiswahili cha redioni, akashindwa, akarudi kwenye chake. "Vidole ya miguu, vilegee. Havina deni ya mutu. Magoti yalegee. Weye, magoti nimesema, si meno! Haya. Tumbo. Mabega yashuke, yashuke tena, hayana mzigo, mzigo nimeshika minye."

Pétronille alipumua.

"Sasa uko kando ya..." Sharifa alijikatiza. "Hapana. Ziwa tuache. Uko Kiringye. Mupunga wamevuna, shamba iko wazi, jua si kali. Mama yako iko mbele, amebeba. Weye mikono yako iko mitupu. Hakuna mwenye anakuita. Tembea tu."

Aliendelea hivyo, akirudia aliyoyasahau na kutunga asiyoyajua, kwa muda ambao hakuna aliyeupima. Mzee mmoja kwenye benchi la jirani alikuwa amefumba macho pia. Norbert alipokuja na kifaa chake hakuwakatiza. Alimfunga Pétronille mkono taratibu, akasubiri.

"Kumi na tano na nusu," alisema. "Juu ya tisa. Twende, Mama, kabla haijabadilisha mawazo."

Jicho la kushoto lilipasuliwa mchana huo. Jumamosi walipofungua bandeji aliuona uso wa Norbert, akamwambia kwamba alidhani ni mzee kuliko hivyo.

Aliagizwa asiiname, asibebe kitu, asiguse cherehani kwa wiki nne. Nguo za kwaya alizimalizia fundi mwingine, na Blandine hajalisahau hilo. Cherehani imefunikwa kitambaa kilekile cheupe, na wapitaji wa barabara ya mpakani wasiojua habari hupunguza mwendo na kuuliza, "Ni nani amekufa?" Pétronille hujibu mwenyewe kutoka ndani: "Hakuna. Napumzika." Wao husema pole, kisha huendelea na safari. Hakuna aliyeingia kufagia, na unga haujarudi.

Lakini Jumatatu, saa nne, Sharifa alipofika na kigoda chake alimkuta Fanny ameketi mlangoni, Shalom mapajani, madumu ya mafuta yamepangwa ukutani bila kuguswa.

"Leo hauvuki?" Sharifa aliuliza.

"Nitavuka saa tano," alisema Fanny, na kuweka kidole mdomoni. "Ongea polepole, Mama Karim. Mama amefika ku mabega."